Gitaa Ambalo Halikuvunjwa

Tulikuwa tumekaa mstari wa mbele, mimi na Mama Eliamani, katika ukumbi mmoja hapa Moshi, mchana wa Jumamosi, mapazia yamefungwa ili picha ionekane vizuri. Kwenye kitambaa cheupe mzee mmoja mwenye ndevu alikuwa ameinua gitaa juu ya kichwa chake kwa mikono miwili. "Yule ni nani?" aliniuliza Mama Eliamani, akinishika mkono. Macho yake bado ni mazima; ni kwamba hakumtambua. Nikamwambia, "Mama, yule ndiye Baba Eliamani." Mzee wa filamu akalipiga lile gitaa kwenye kizingiti, likapasuka, na mtoto mmoja aliyepakwa vumbi akapiga magoti kuokota vipande. Nyuma yetu watu waliguna kwa huruma. Mama Eliamani akanigeukia, na kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza njia, akasema, "Lakini mume wangu hakuwa na ndevu."

Nina hasira. Naliandika hilo mapema ili msomaji asihangaike kunitafutia neno la adabu zaidi. Eliamani alikuwa mpiga gitaa la solo katika bendi ambayo mimi niliimba kwa mwaka mmoja tu, nikiwa binti wa miaka ishirini na kitu, na mwaka huo ulinifundisha karibu kila ninachokijua kuhusu kazi, marafiki na wakubwa. Alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa sukari. Matanga hayajaanuliwa, akaja kijana anayeitwa Brayani, mwongozaji wa filamu kutoka Dar, ambaye babu na bibi yake wamezikwa Machame, akasema anataka kutengeneza filamu ya maisha ya marehemu. Alinijia nyumbani mchana baada ya mchana. Alikunywa chai yangu, akala maandazi yangu, akaweka simu yake mezani inirekodi, na kila nilipomaliza jambo alitikisa kichwa na kusema, "Mama mkubwa, hii ni dhahabu." Nilimwamini kwa kuwa alisikiliza vizuri. Kumbe stori alikuwa nayo tayari, imeshashonwa tangu Dar, na kwangu alikuwa anatafuta vifungo tu.

Stori yenyewe mnaijua, hata kama filamu hii hamjaiona. Mtoto maskini anajitengenezea gitaa la kopo. Baba yake ni mkali, anaona muziki ni ushetani. Mama analia jikoni. Mtoto anatoroka, anafika mjini, Mhindi mwenye duka anamsainisha mkataba wa kumnyonya, mvua kubwa inanyesha na wimbo unamshukia mzimamzima kama ufunuo, anakuwa maarufu, anaingia mwanamke mwenye gauni jekundu, inaingia chupa, jamaa anaanguka, anakumbuka nyumbani, anapanda jukwaani mara ya mwisho machozi yakimtoka, kisha maandishi meupe yanatuambia kwamba alikufa. Chukua hadithi hiyo umvalishe mtu yeyote aliyewahi kushika ala, awe wa Moshi, wa Tanga au wa Kongo, itamkaa, maana haikukatwa kwa kipimo cha mtu. Mwanamke mwenye gauni jekundu ndiye mimi. Sijawahi kuwa na gauni jekundu maishani. Nilikuwa na gauni moja la jukwaani, la kitenge, na lenyewe lilikuwa la dada yangu. Mchumba wangu alikuwa mpiga besi wa bendi hiyohiyo, ndiye baba wa watoto wangu, na kwenye filamu hayumo kabisa. Besi inasikika lakini haina mtu.

Bendi yetu ilikuwa mali ya kiwanda. Mwanzoni mwa miaka ya tisini yalikuwa bado yapo mashirika ya umma yenye timu ya mpira na bendi ya dansi, kama yalivyokuwa na zahanati, na hakuna aliyeona ajabu. Mazoezi tulifanyia kantini, alasiri, zamu ya asubuhi ikishatoka. Chumba kile nakikumbuka kuliko nyumba niliyozaliwa: sakafu ya saruji bado ina maji ya kudekia, benchi zimepandishwa juu ya meza, harufu ya maharage haitoki hata ufungue madirisha yote. Wapishi walikaa upande wa majiko wakichambua mchele wa Chekereni, na hao ndio waliokuwa majaji wetu. Mpishi mkuu, mama mnene asiyecheka ovyo, akisikia wimbo haujaiva alikuwa anainuka kwenda kusugua sufuria kwa makelele mpaka tunanyamaza wenyewe. Eliamani alimwogopa kuliko meneja. "Leo hajainuka," alikuwa ananinong'oneza, "tumepona." Kazi yetu ilikuwa hivyo, watu wazima wanarudia kipande kilekile mpaka mama wa jikoni aridhike. Ufunuo sikuuona.

Na baba yake? Mzee Nderumaki alikuwa kiongozi wa kikundi cha tarumbeta cha usharika wao kule Machame. Asiyewajua Walutheri wa huko hataelewa uzito wa jambo hilo. Iwe harusi, iwe mazishi, iwe alfajiri ya Pasaka makaburini, bila tarumbeta watu wanaona kama hawajafika. Huyo ndiye aliyemfundisha Eliamani kusoma noti kabla hajajua kuandika barua. Gitaa la kwanza ni yeye aliyemletea kutoka mjini, amelifunga kwenye gunia la kahawa ili mvua isiliharibu, na mwenyewe akapanda mlima amelowa chepechepe. Hayo nilimwambia Brayani. Nilimwambia hata kwamba gitaa lenyewe bado lipo, limetundikwa ukutani kwa Mama Eliamani, na akaenda akalipiga picha. Kisha akatafuta gitaa jingine, akampa mtu mwenye ndevu, akamwambia vunja.

Siku ya kwanza kumwona mzee yule alishuka na mkewe aliyekuwa analeta ndizi sokoni, akaja kantini amevaa koti lake la kanisani na kofia. Tulisimama wote. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Endeleeni, mimi sipo." Akakaa karibu na majiko, akafumba macho. Tukapiga wimbo tuliokuwa tunauhangaikia, kwa woga, kama wanafunzi. Tulipomaliza akafumbua macho, akamtazama mpiga tarumbeta wetu wa pili. "Mwanangu," akasema, "wewe unapuliza au unapoza uji?" Wapishi walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha akatugeukia wengine. "Na hapo katikati mnakimbia. Nani anawafukuza, nyuki?" Eliamani aliona aibu. "Baba, hii ni dansi. Watu wanataka kucheza." "Hata sisi tukienda kuzika tunakwenda kwa hatua, baba. Anayecheza bila hatua huyo anaumwa." Akaanza kuimba kwa mdomo sauti ya chini, ile inayopulizwa na tromboni kwenye tenzi, polepole, mguu ukigonga sakafu. Eliamani akaitafuta kwenye nyuzi nene za gitaa. Akakosa, akarudia, mzee akatikisa kichwa, akarudia tena. Ile milio inayoanzisha wimbo wake mkubwa, ambayo hadi leo mafundi baiskeli wa Moshi wanaipiga mluzi bila kujua ilikotoka, ilianzia pale, kwenye harufu ya maharage, mdomoni mwa baba yake. Tuliifanyia kazi majuma kadhaa. Kwenye filamu imemchukua mvua moja.

Nilipanda Machame nao mara kadhaa mwaka ule. Mama Eliamani alipika kiburu, ndizi na maharage vikapondwa pamoja mpaka mwiko usimame wenyewe, na tulikula jikoni, moto katikati, ng'ombe akitafuna majani nyuma ya ukuta. Nje wanaume walikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, na kulalamika kuhusu kahawa, kwamba sasa kila mtu ni mnunuzi na hakuna anayejali mkulima, kwamba fulani ameng'oa mibuni yake akapanda nyanya. Nilimsikia jirani akimchokoza mzee: "Lakini huyo kijana wako si anapiga muziki wa baa?" Mzee akajibu, "Baa ni nyumba tu. Wewe mbege unainywea wapi, madhabahuni?" Wakacheka wote. Ndani, Mama Eliamani alinikonyeza, akaniongezea kiburu. Nilikuwa kijana na nilidhani wazazi wote wa wanamuziki wako hivyo.

Halafu kiwanda kikauzwa. Tuliitwa kantini pamoja na wafanyakazi wengine, na mtu aliyevaa tai alisimama mahali tulipozoea kuweka dramu akatueleza habari za mageuzi. Mtu akauliza kuhusu bendi. Yule bwana akapekua makaratasi yake, akasema vyombo vya muziki ni mali ya mwenye kiwanda mpya kama mashine nyingine, vitatunzwa stoo hadi itakapoamuliwa. Stoo ilitiwa kufuli. Magitaa, vikuza sauti, tumba, dramu, vyote vikakaa mle ndani mpaka panya wakavizeesha, na hakuna aliyewahi kuamua lolote. Mpishi mkuu aliondoka na mwiko wake. Ndivyo bendi ilivyokufa, na wafu wa namna hiyo walikuwa wengi nchi nzima mwaka ule na miaka iliyofuata. Kwenye filamu kiwanda hakimo. Bendi inavunjika kwa sababu mimi nimemkalia Eliamani mapajani. Haya, mniambie, nani atakasirika kwa niaba ya watu wale wote waliotoka getini wamebeba bakuli zao za kantini, ikiwa watoto wao wanaambiwa kwamba tatizo lilikuwa gauni?

Tulipata chumba kwa Bwana Kanti, Mhindi aliyeuza vifaa vya ujenzi. Alitupa kona ya bohari lake, kati ya mabati na mifuko ya saruji, na alasiri mkewe alituletea chai ya maziwa yenye iliki. Mkataba pekee tuliowekeana ni kwamba tusivute sigara karibu na makopo ya rangi. Huyo naye kwenye filamu ni fisi. Chumba basi tulikuwa nacho, gitaa la gunia la kahawa Eliamani alilishusha kutoka nyumbani, lakini vya kupuliza hatukuwa navyo, na wimbo wetu bila tarumbeta ulikuwa ugali bila mboga. Mzee Nderumaki ndiye aliyekuwa anatunza vyombo vya usharika. Siku moja alishuka na tarumbeta mbili na tromboni ndani ya magunia. "Vinalala bure wiki nzima," alisema. "Virudi Jumamosi." Jumamosi ile havikurudi. Tulikuwa tumeombwa kupiga bugi, dansi la mchana, siku ya Jumapili, mzee mwenyewe akasema haya, pigeni, na watu wa Moshi wakacheza siku ya Bwana kwa tarumbeta zilezile zinazowazika. Habari ilipanda mlima kabla yetu. Wazee wa usharika walimvua mzee uongozi, na kwa hilo siwalaumu, vilikuwa vyombo vyao.

Lakini tarumbeta zile zilikuwa maisha yake. Eliamani alipokwenda kumwomba radhi alimkuta amekaa na watu waliokuja kumpa pole, na mzee, mbele ya wote, akasema, "Laiti ningejua, lile gitaa ningeliacha dukani. Umenivua nguo, Eliamani." Ni hayo tu. Neno la mzazi kwetu halihitaji kelele. Eliamani alirudi Moshi hasemi na mtu. Desemba ikafika, mwezi ambao kila Mchaga, hata mwenye mguu mmoja, anakwenda nyumbani. Mji ukaanza kubaki mtupu, watu wamebeba sukari na sabuni kwenda kwa wazazi. Yeye akasema atakula Krismasi bohari. Tulimbembeleza, akatuambia tumwache. Nilijua, na kila mmoja pale alijua, kwamba mtoto asiyepanda Krismasi ile hatapanda tena.

Siku chache kabla ya sikukuu tulikuwa tunajaribu kufanya mazoezi, mlango ukafunguliwa, akaingia mzee na koti lake la kanisani, ameshika jani la isale. Isale ni mmea wa mpaka. Unaupanda kuzunguka kihamba, shamba la ukoo, na juu ya makaburi. Mtu akikukosea akaja na jani lake amelipiga fundo, hata kama alikuulia ng'ombe, unapokea na unasamehe, na baada ya hapo habari ile huitaji tena mdomoni mwako. Isale haikataliwi. Sijamsikia aliyewahi kuikataa. Na sijawahi kusikia, si kabla wala baada, mzazi akimpelekea mwanawe. Mzee alisimama kati ya mifuko ya saruji, akalinyoosha lile jani kwa mikono miwili. "Mwanangu," akasema, "nilisema neno baya. Nimekuja." Eliamani alipiga magoti, akalipokea, akalia kama mtoto mdogo. Bwana Kanti, ambaye amezaliwa Moshi na anajua mambo yetu, akaenda kimya kufunga mlango wa duka ili wateja wasiingie. Mzee akamnyanyua mwanawe. "Chukua koti," akasema. "Mama yako anasonga kiburu."

Hadithi hiyo nilimpa Brayani kwa sauti yangu mwenyewe, nikiwa nafuta machozi, na alizima simu, nikadhani ameguswa. Sasa sikilizeni alichofanya. Kwenye filamu, baada ya kuanguka na kutapika, mwana ndiye anayepanda mlima akiwa na jani la isale. Baba anamtazama. Baba analichukua lile jani, analitupa chini, analikanyaga. Vijana ukumbini walisikitika inavyotakiwa. Lakini wamama wa Machame waliokuwa nyuma yetu walipiga yowe, "Yesu wangu!" na mmoja akajifunika uso kwa kanga. Mama Eliamani alisimama. Sijui miguu yake ilitoa wapi nguvu. Nikamshika, tukatoka nje kwenye jua.

Brayani alitufuata mbio. "Shikamoo bibi. Shikamoo mama mkubwa. Kuna shida?"

"Baba Eliamani alikanyaga isale lini?" nikamuuliza.

"Mama mkubwa, si unajua filamu tena. Lazima pawe na mgogoro. Watu wasipomwona baba mkali hawalii."

"Na kiwanda?"

"Kufuli halina sura, mama. Siwezi kulichukia kufuli kwa saa mbili."

"Kwa hiyo ukanipa sura mimi."

Akatazama viatu vyake. "Halafu, tuseme ukweli, maisha yake hayana mwisho mzuri. Miaka yote ile anagawa maji ya mfereji kwenye mashamba ya mpunga Chekereni, anapiga harusi mojamoja, anafundisha watoto kwaya. Nani atakaa kuangalia?"

"Mimi," nikasema. Nilipandisha sauti na sijutii. "Mimi ningekaa, nikaangalia hadi taa ziwashwe. Hakuanguka yule! Alinyang'anywa kazi akatafuta nyingine, akalea watoto, jioni akapiga gitaa barazani kwake. Hilo ndilo hamtaki kulionyesha, kwa sababu mkilionyesha itabidi mseme ni nani aliyemnyang'anya." Mama Eliamani alinivuta mkono tuondoke. Hakumjibu hata shikamoo yake.

Nadhani watu wazima wa kwao walimkalisha kitako, kwa sababu juma lililofuata Brayani alipanda Machame na jani la isale, amelipiga fundo kama alivyoelekezwa. Mama Eliamani aliniita niwe shahidi. Tulikaa chumba cha mbele, gitaa la mzee ukutani juu ya vichwa vyetu, halijapasuka popote. Kijana alipiga magoti, akanyoosha jani kwa mikono miwili, akasema amekosa. Nilitamani lile jani likauke mkononi mwake. Mama Eliamani alilipokea. Aliliweka juu ya goti, akalinyoosha kwa kiganja kama anayekunja nguo.

"Nimekusamehe," akasema. "Nikuulize kitu kimoja, mjukuu wangu. Ulipokuwa unakuja njiani, uliogopa kwamba nitaikataa?"

"Hapana, bibi."

"Kwa nini hukuogopa?"

Brayani aliinua uso. Akautazama ukuta, akalitazama jani, kisha machozi yakaanza kumshuka, na sikuona kamera ya kuyapokea. "Kwa sababu haikataliwi, bibi," akasema.

"Ahaa," akasema Mama Eliamani, kisha akanigeukia mimi. "Aika, mpe mgeni chakula."

Nilimpakulia. Filamu inaendelea kuonyeshwa, na wajukuu wangu wameulizwa shuleni kama mimi ndiye yule wa gauni jekundu. Mama Eliamani hawezi kusema tena, amepokea. Jana Brayani alinipigia simu kwa adabu zote, akaniuliza kama Jumapili nitakuwepo nyumbani, ana jambo anataka kuniletea. Najua ni nini. Nami ni mtoto wa mlima huu, akilinyoosha nitalipokea, na kuanzia hapo sitayataja haya tena mpaka nife. Leo ni Ijumaa. Nimeandika kwa haraka.